Avenue ya Kumi na Moja Inalala kwa Zamu

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Mama Solange alikuwa amekwisha kuipua mikate ya kwanza. Akachota donge la pili, akalidondosha kwenye mafuta, akalala. Hakuanguka. Aliinamisha kichwa tu, mwiko mkononi, akaanza kukoroma kwa adabu. Pasta Israël, aliyekuwa wa pili kwenye mstari, alimtoa mwiko mkononi, akamsogeza yeye na kopo alilokalia mbali na moto, akakaanga mwenyewe. Mikate ilitoka myeusi nje na mibichi ndani. Watu waliila hivyo hivyo. Saa moja asubuhi si saa ya kuchagua.

Asubuhi hiyo kwenye avenue ya kumi na moja, commune ya Tshopo, walilala watu thelathini na wanne kati ya mia moja na kumi na wawili. Alilala fundi wa baiskeli, akalala mwalimu wa darasa la tatu, akalala chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, akiwa anamgombeza mtu. Saa kumi jioni wote waliamka, wakanawa uso, wakauliza wamepitwa na nini. Papa Wenceslas, mpimaji damu mstaafu, aliwachoma vidole mmoja mmoja na kuipeleka damu kwa wenzake wa zamani. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa. Kwenye karatasi aliandika neno moja: wamelala.

“Basi iko Émilie,” watu wakasema, kwa sababu Émilie ndiye pekee aliyekuwa amebadilisha kitu wiki ile.

Émilie alikuwa mpangaji wa Papa Wenceslas, msichana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Yanonge, mwenye hisabati nyingi kichwani kuliko nywele. Kutwa alikaa barazani na kompyuta yake, iliyokula umeme kwenye waya uleule unaopita nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa avenue. Alikuwa akiutengenezea mradi mmoja wa afya mashine ya kusoma damu. Mradi huo ulikuwa umeahidi kuumaliza malale, ule ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o wa kando ya mto. Wadudu wake kwenye damu ni wembamba kama uzi, tena ni wachache, na jicho la mtu huchoka kabla ya kuwaona. Papa Wenceslas aliwatafuta wadudu hao kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka macho yake yakaingia ukungu. Mashine ilitakiwa irithi macho hayo.

Kazi yenyewe, ukiisikia, inaelezeka. Mashine ina matabaka sita ya vinundu, vijisehemu vya hesabu vinavyopashana habari. Tabaka la kwanza linaipokea picha ya kioo cha damu, kile kipande cha kioo kilichopakwa tone la damu, na kuona mistari tu. La pili linaunganisha mistari iwe maumbo. Hivyo hivyo mpaka la sita, ambalo linajibu: mgonjwa, au si mgonjwa. Ikikosea, unairudisha nyuma ijirekebishe kidogo, halafu unaionyesha kioo kingine. Émilie aliionyesha vioo elfu mbili kutoka kabati la Papa Wenceslas. Ikapata tisini na tisa kwa mia. Mradi ukapiga makofi, ukaamua kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu atakayepewa dawa ya malale bila karatasi ya mashine. Macho ya watu yakafutwa kwenye protocole, zile kanuni za kazi.

Mwezi wa nne mashine ilipelekwa Yanonge. Ilisoma vioo mia moja na arobaini, ikasema wote wazima. Mradi ukafurahi tena. Émilie hakufurahi. Yanonge ni kwao, na alijua watu wanaosinzia na nyavu mkononi.

Mwezi wa sita dada yake mkubwa, Patricia, alishuka beach, pale gatini, kutoka kwenye baleinière, boti kubwa ya mbao, amevaa nguo nyeusi za ujane. Mumewe Zacharie alikuwa amezikwa mwezi wa tano. Patricia alikuja kuuza samaki wa moshi, lakini nusu ya samaki walikuwa wameungua, kwa sababu alilala akiwageuza. Alilala pia akimsalimia mdogo wake. Alikuwa na karatasi ya mashine ndani ya mkoba, imekunjwa vizuri, inayosema hana kitu.

“Leki, mdogo wangu, mimi sina kitu,” alisema alipoamka. “Ni uchovu tu. Mashine yako yenyewe imesema.”

Émilie aliishika karatasi ile kwa muda mrefu. Hakuna aibu inayozidi kudanganywa na mtoto uliyemlea mwenyewe. Kesho yake aliiuliza mashine, kwa njia wanazozijua watu wa kazi hiyo, inatazama wapi kabla ya kujibu. Mashine ikamwonyesha. Haikuwa inatazama damu. Ilikuwa inatazama ncha ya kioo, kwenye kona.

Alimpelekea Papa Wenceslas kioo kimoja. “Papa, hapa kwa kona, iko nini?”

“Ile? Iko msalaba.”

“Msalaba ya nini?”

“Mutu akipatikana na malale, namuchoreaga kamsalaba na kalamu ya bleu. Ile iko kumuombea. Ulitaka nimuache aende hivi hivi, bila hata sala?”

Miaka thelathini na mmoja, kila mgonjwa msalaba wake. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyejua. Mashine ilikuwa imejifunza kwamba palipo na msalaba pana ugonjwa, na Yanonge, ambako hakuna aliyewahi kuwaombea wagonjwa kwa kalamu, ikaona wazima watupu. Émilie alitaka kukasirika, akashindwa. Utamkasirikia vipi mtu kwa sababu aliwaombea wagonjwa?

Alizikata kona zote kwenye picha na kuanza upya. Mashine ikawa kama mwanafunzi aliyenyang'anywa karatasi ya kuibia: ikaamua kukariri. Ilikariri rangi ya dawa ya maabara ya Papa Wenceslas, ikakariri mikwaruzo, ikakariri hata alama ya kidole chake gumba. Kwa vioo ilivyovizoea ilipata vyote. Yanonge kulikuwa na vioo arobaini vya muuguzi mmoja wa zamani, mama aliyeandika majibu daftarini na si kwenye kioo. Émilie aliagiza sanduku hilo, akaijaribu mashine kwa vioo kumi. Ikapata sita. Sarafu ikirushwa juu ingepata vitano.

Vioo thelathini vilivyobaki alivitia kwenye kopo la biskuti, akampelekea Mama Solange.

“Mama, unikalie hii kopo. Hata nikikuomba, usinipe. Mashine ikiona hii mbele ya siku yake, itakariri, na mimi nitajidanganya.”

“Nikikataa utalia?”

“Nitalia.”

“Utalia,” alisema Mama Solange, na kuanzia siku hiyo alikaanga mikate akiwa ameketi juu ya kopo, makalio yake yakiwa kifuniko.

Ndipo Émilie akajaribu dawa ya mwisho aliyoijua. Mashine inayokariri ina kasoro moja: kinundu kimoja kinajua, na vingine vyote vinakiegemea. Dawa yake ni kuvilaza. Kila duru ya mafunzo unavizima vinundu vitatu katika kila kumi, kwa bahati nasibu, na waliobaki macho wanalazimika kufanya kazi ya waliolala. Duru nyingine wanalala wengine. Kwa mwendo huo hakuna anayeweza kumtegemea jirani. Jumatatu jioni aliandika tatu kwa kumi. Jumanne asubuhi Mama Solange akalala na mwiko mkononi.

Kikao cha avenue kilifanyika Jumatano, saa kumi na moja, baada ya waliolala siku hiyo kuamka. Émilie alieleza yote bila kuficha na akasema yuko tayari kuacha. Chef wa avenue alisema mambo haya yangepaswa kupita kwake kwanza. Fundi wa baiskeli aliuliza nani atalipia gurudumu lililopindishwa na Rachidi, mwendesha toleka, zile baiskeli za abiria, alipojaribu kulinyoosha kwa niaba yake. Barazani, mbele ya macho ya wote, Patricia alikuwa amelala kwenye mkeka, inzi wakimtembea mdomoni. Yeye hakuwa wa avenue na hakulazwa na waya. Saa kumi jioni ilipopita, wengine walikuwa wameamka na yeye bado.

Rachidi, ambaye ni mtu wa Kasongo na hapendi kukaa kimya, ndiye aliyesimama.

“Kule kwetu wazee wanasema, mutegemea cha ndugu yake anakufa masikini. Sisi hapa tunategemea mikono ya Mama Solange, tunategemea sala ya Pasta, tunategemea nyundo ya huyu. Siku wakikufa tutafanya aje? Bon. Mi nasema tulale. Lakini Jumapili tusilale, na mutu wa toleka akiwa na client nyuma, mumuache afike.”

Walikubaliana hivyo. Émilie alinunua filimbi ya refa, ili apulize kabla ya kila duru na watu wapate kuketi. Alifanya hisabati fulani upande wa toleka, na hakuna mteja aliyeanguka.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za taabu. Mama Solange alifungisha ndoa ya watu wawili kanisani kwa Pasta Israël, akasahau kumuuliza bibi harusi kama anakubali. Ilibidi aulizwe wakati wa kula. Fundi wa baiskeli alifundisha darasa la tatu, na kwa siku mbili watoto walijua minyororo tu. Pasta alimsaidia Papa Wenceslas kuchoma vidole vya wagonjwa, akaomba radhi kwa kila mmoja mpaka foleni ikafika barabarani. Lakini mtu hujifunza, asikudanganye mtu. Kufika wiki ya nne mikate ya Pasta ilikuwa inaulizwa kwa jina. Rachidi alikuwa anatwanga lituma, ndizi za kuponda, laini kuliko mke wake, jambo lililoleta maneno nyumbani. Na chef wa avenue alilala siku tatu mfululizo, akaamka, akakuta hakuna kilichoharibika. Alihuzunika kidogo, halafu akaomba afundishwe kukaanga.

Usiku na mchana mashine nayo ilikuwa inapanda: sita kwa kumi, saba, saba na nusu. Émilie alichafua picha pia, maana maabara za mtoni hazina vioo safi. Alizififisha, alizigeuza kichwa chini, aliwaomba akina mama wampakie mafuta ya mawese kwenye vioo vya majaribio, nao walipaka kwa moyo wote. Sifa zake apewe: alikuwa akila mara moja kwa siku, na hakumfokea mtu. Ila mashine ilifika nane kwa kumi ikakwama pale siku tisa. Aliitazama usiku kucha. Kulikuwa na kinundu kimoja katika tabaka la nne ambacho bahati nasibu haikuwahi kukigusa, na vyote vingine vilikuwa vimerudia kukiegemea.

Kwenye avenue, ukimtoa Émilie mwenye filimbi, mtu pekee aliyekuwa hajawahi kulala alikuwa Papa Wenceslas. Pamoja na ukungu wa macho yake, kila mtu aliyeinama kwenye hadubini yake kusoma kioo alimwita mwisho wa yote: Papa, njoo utuambie. Naye alikuja.

Alhamisi ya wiki ya sita Émilie alikizima kinundu kile kwa makusudi, akapuliza filimbi, na Papa Wenceslas akaweka miwani mezani, akalala. Alilala kama mtu aliyedaiwa usingizi wa miaka thelathini na mmoja. Waliobaki macho walizunguka hadubini, wakatazama mlango, wakakumbuka kwamba hakuna wa kumwita. Mama Solange aliinama. Akatulia hapo muda mrefu.

“Kadudu kako hapa,” alisema. “Kembamba. Kamejikunja.”

Pasta akatazama, akakaona. Rachidi akatazama, akakaona, akaonyesha kengine. Jioni hiyo mashine ilikuwa imevuka tisa kwa kumi. Papa Wenceslas alipoamka walimweleza. Aliwasikiliza wote, akafuta miwani kwa shati.

“Kumbe munaona,” alisema. Alifurahi mpaka akatoa machozi, na hakuyaficha.

Mama Solange alisimama, akamkabidhi Émilie kopo. Vioo thelathini ambavyo mashine haikuwahi kuviona, vya watu ambao haikuwahi kuwajua, vyenye rangi ya dawa nyingine na vumbi la njia nyingine. Avenue nzima ilisimama nje ya baraza. Mashine ilisoma, na fundi wa baiskeli alisoma daftari la yule muuguzi kwa sauti, jibu kwa jibu. Ishirini na nane. Akina mama walipiga vigelegele hadi avenue ya kumi na mbili wakaja kuuliza nani kaolewa. Kisha Émilie alimchoma dada yake kidole, akaweka kioo chake. Mashine haikusita: mgonjwa. Patricia alikuwa amelala, hivyo aliambiwa baadaye.

Kilichobaki kilikuwa mradi. Docteur Sébastien, mkuu wake, aliijaribu mashine mpya kwa vioo mia vya kabati la Papa Wenceslas, kwa sababu ndivyo vioo rasmi vya majaribio. Ile ya zamani ilipata tisini na tisa. Mpya ilipata tisini na nne.

“Mademoiselle Émilie,” alisema, kwa upole kabisa, “tisini na tisa, tisini na ine. Kubwa iko gani?”

Émilie alimweleza habari ya msalaba. Alimweleza habari ya Yanonge, ya kopo, ya thelathini na ishirini na nane. Docteur Sébastien alisikiliza, akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ripoti.

“Donc msalaba unaisaidia mashine,” alisema. “Alors tuingize msalaba kwa protocole. Itachorwa na agent mwenye uwezo.” Akatafuta katika orodha agent mwenye uwezo. Lilikuwepo jina moja tu, la Papa Wenceslas, kwa sababu wengine wote walikuwa wamefutwa.

Mashine ya tisini na tisa ilipanda baleinière kwenda Yanonge, Isangi na Basoko. Popote ilipofika haikuona mgonjwa, na mradi ukatangaza kwamba mto umepona. Kulikuwa na sherehe na fulana. Émilie alialikwa kupiga makofi, akapiga.

Lakini dawa zilikuwepo, kwenye stoo, zikisubiri karatasi. Basi kesho yake Émilie alichukua kioo cha dada yake, akampa Papa Wenceslas. Mzee alikichorea msalaba wa bleu, akiomba kwa midomo, kama siku zote. Wakakipeleka mbele ya mashine rasmi. Mgonjwa, ikasema mashine rasmi, na karatasi ikatoka, na muhuri ukagongwa, na Patricia akapewa vidonge vya siku kumi.

Tangu hapo kazi inakwenda hivyo. Vioo vinapanda na baleinière vimefungwa ndani ya majani ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo, na vitambaa vya jikoni, kutoka kwa watu waliosikia habari hizi. Mashine ya Émilie inatafuta, Papa Wenceslas anaomba, mashine ya mradi inathibitisha. Mradi umeona kwamba usahihi wa mashine yake umepanda hadi mia kwa mia, na umemwandikia Docteur Sébastien barua ya pongezi. Wasiosikia wanaendelea kupewa karatasi za uzima. Vioo vya Basoko vilipofika vikiwa na rangi ambayo mashine haijaizoea, Émilie alipuliza filimbi, na watu wakatafuta pa kuegemea. Hakuna anayelalamika. Avenue ya kumi na mbili imeomba waya.

Patricia alimaliza vidonge. Siku ya kumi na moja aliamka kabla ya jua, akafua, akala makemba matano, zile ndizi za kupika, akaketi barazani macho yakiwa wazi. Émilie alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemngoja sana.

“Leki,” alisema Patricia, “vile vioo vya Yanonge, vya mwezi ya ine, viko fasi gani?”

“Viko ndani, mradi uliniachia. Juu ya nini, yaya?” Émilie alimuuliza dada yake.

“Zacharie iko mule.”

Émilie alisema kwamba haitabadilisha kitu. Daftari la mradi la mwezi wa nne limefungwa na kupigwa muhuri, na dawa hawapewi marehemu. Patricia alisema anajua. Émilie akaingia ndani, akatafuta katika vioo mia moja na arobaini, akakipata chenye jina la shemeji yake, akakiweka kwenye mashine yake. Ilichukua muda wa kumeza mate. Mgonjwa.

Upande wa pili wa njia Pasta alikuwa anageuza mikate.

“Nilikuwa namuita muvivu,” alisema Patricia. “Kila asubuhi. Nilikuwa namumwangia maji, aamuke, aende kwa nyavu. Mbele ya batoto. Batoto nao wakaanza kumuita vile, na mimi nilikuwa nacheka.”

Émilie alimshika mkono.

“Iandike kwa karatasi,” Patricia alisema. “Hata bila muhuri. Andika alikuwa mugonjwa.”

Émilie aliandika, akatia sahihi yake. Papa Wenceslas naye akatia yake. Patricia aliikunja karatasi, akaitia ndani ya nguo kifuani, akamwomba Rachidi ampeleke beach. Baleinière ya Yanonge huondoka saa nne, na alikuwa na watoto wanne wa kuwaomba msamaha.